Haiba Si Mvuto: Uhakiki wa Istilahi za Kwaki na Mesoni Nzito

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi tulizoletewa tuzisome na kuzitolea maoni ilikuwamo rasimu moja ya istilahi za fizikia ya chembe. Mtungaji wake hatutamtaja, wala mahali anapofanyia kazi, kwa kuwa shabaha ya uhakiki huu si mtu bali ni njia. Rasimu yenyewe ni safi: imepangwa kwa alfabeti, na kila istilahi imefuatishwa na maelezo mafupi. Mtu aliyeipitia kwa haraka angeweza kuikubali bila ya kusita. Sisi nasi tulikaribia kuikubali. Tulijizuia tulipojaribu jambo moja dogo, yaani kuzitumia istilahi hizo kumweleza mwalimu wa sekondari kwa nini mesoni iitwayo J/psi huishi muda mrefu kuliko ilivyotazamiwa. Maelezo yetu yalikwama katika sentensi ya pili.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza inafaa nini kujishughulisha na chembe ambazo hakuna aliyepata kuziona kwa macho, ilhali fomu za ofisini na vitabu vya kilimo bado vinangoja wafasiri. Jibu letu ni kwamba makosa yanayoonekana waziwazi katika istilahi za kwaki ndiyo yale yale yanayojificha katika istilahi tulizokwisha kuzizoea. Mfasiri anayejifunza kuyatambua huku atayatambua na kule. Aidha, mwanafunzi aliyefundishwa kwa istilahi mbovu hatailaumu istilahi. Atadhani kuwa ama yeye ni mjinga, ama Kiswahili hakiwezi. Yote mawili si kweli, na yote mawili ni hasara.

2. Jina lililoachwa nyuma na kitu chake

Tuanze na neno mesoni lenyewe. Rasimu imelifasiri kwa neno "chembekati", na kueleza kwamba neno la asili limetokana na Kigiriki na maana yake ni "katikati". Asili hiyo ni ya kweli. Mwaka 1935 mwanafizikia wa Kijapani, Hideki Yukawa, alitabiri kuwako kwa chembe ichukuayo kani inayozishika protoni na nyutroni pamoja katika kiini cha atomi. Kwa hesabu zake, tungamo la chembe hiyo lilipasa kuwa baina ya tungamo la elektroni na lile la protoni. Ndipo likazuka jina lenye maana ya katikati. Mwaka 1947 chembe hiyo, ambayo sasa huitwa pioni, iligunduliwa na kundi la Cecil Powell huko Bristol, Uingereza. Tungamo lake ni mara 270 hivi ya lile la elektroni, na ni kama sehemu moja ya saba ya lile la protoni. Jina na kitu vilipatana.

Walakini, kitu kiliendelea na safari na jina likabaki njiani. Leo mesoni haitambulikani kwa tungamo lake bali kwa muundo wake: iliyo sahili ni kwaki moja iliyoshikamana na antikwaki moja. Kwaki ni chembe ndogo inayopatikana ndani ya protoni, nyutroni na mesoni. Antikwaki ni chembe yenye tungamo lile lile lakini yenye chaji na sifa nyingine zilizo kinyume. Kwa kipimo hicho kipya, J/psi iliyogunduliwa mwaka 1974 ni mesoni, na tungamo lake ni zaidi ya mara tatu ya lile la protoni. Upsiloni iliyogunduliwa mwaka 1977 ni mesoni, na tungamo lake ni kama mara kumi ya lile la protoni. Chembekati hiyo iko katikati ya nini na nini? Kwa upande mwingine, muoni, ambayo tungamo lake liko katikati hasa na ambayo kwa miaka kadhaa ilihesabiwa kuwa mesoni, haimo tena katika kundi hilo. Neno "chembekati" basi humkaribisha asiyehusika na kumfungia mlango mwenye nyumba.

Hali ya neno kwaki ni ya kufundisha zaidi. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann alilichukua kutoka katika riwaya ya James Joyce iitwayo Finnegans Wake, iliyotolewa mwaka 1939. Mwaka huo huo wa 1964 George Zweig, aliyefikia wazo hilo hilo kwa njia yake mwenyewe, alizipa chembe hizo jina la ile karata ambayo wachezaji wetu huiita ree. Na katika Kijerumani neno aliloliteua Gell-Mann ni jina la jibini laini ya maziwa mgando. Mfasiri anayetaka kila jina litolewe maana yake angekuwa hapa na njia panda tatu: neno la mchezo wa mwandishi, karata, au maziwa. Hakuna hata moja inayompeleka kwenye chembe.

Kanuni yetu ya kwanza, basi, ni hii: jina ambalo kwa wenyewe limekwisha kuwa alama tupu, lisifasiriwe; likopwe. Tuseme mesoni, tuseme kwaki. Wapo watakaohofia kwamba silabi ya mwisho ya "mesoni" italeta sura ya mahali, kama mezani au shambani. Hofu hiyo ingalikuwa na uzito kama tusingalikuwa na protoni na elektroni madarasani. Wala hatujapata kumsikia mwanafunzi akisema "protoni mle".

3. Mvuto, au haiba?

Hata hivyo, si kila jina la kukopwa. Majina ya aina za kwaki huingia katika sentensi kila mara, hunyambuliwa, hujumlishwa na kutolewa kama hesabu. Yakiachwa yote katika sura ya kigeni, lugha ya somo itakuwa nyuzi za Kiswahili zilizofuma nguo ya watu wengine. Hapa mtungaji wa rasimu alikuwa na haki ya kufasiri. Kosa lake lilikuwa katika uteuzi.

Kwaki ya nne, yenye alama c, ilipendekezwa mwaka 1964 na James Bjorken na Sheldon Glashow. Waliipa jina la kuonyesha jinsi walivyopendezwa na ulinganifu iliouleta katika ulimwengu wa chembe. Mwaka 1970 Glashow, akishirikiana na John Iliopoulos na Luciano Maiani, alionyesha kwamba kwaki hiyo ilikuwa ya lazima: bila yake, mageuko fulani ambayo majaribio yalikuwa hayayaoni yangalipaswa kutokea mara nyingi. Novemba 1974 makundi mawili ya Marekani, la Samuel Ting huko Brookhaven na la Burton Richter huko Stanford, yalitangaza kwa pamoja mesoni iliyo na kwaki hiyo. Ting aliiita J, na Richter aliiita psi. Hakuna aliyekubali kuliacha jina lake, na hadi leo mesoni hiyo hubeba majina yote mawili. Wanaodhani kuwa ni sisi tu tunaogombana juu ya istilahi na wapate faraja.

Rasimu imeiita c "kwaki ya mvuto". Kwa mujibu wa kamusi, tafsiri hiyo haina lawama: mtu apendezaye twasema ana mvuto. Lakini katika darasa la fizikia neno mvuto lina kazi nyingine. Sumaku huvuta, dunia huvuta, chaji hasi na chaji chanya huvutana. Na katika somo la mesoni nzito swali kubwa kabisa ni hili: ni kani gani inayozivuta kwaki na antikwaki zisiachane? Istilahi ya rasimu ikitumika, mwalimu atalazimika kuandika ubaoni: "mvuto baina ya kwaki ya mvuto na antikwaki ya mvuto". Mwanafunzi makini atauliza kama kwaki nyingine hazivutani. Swali lake litakuwa la haki, na kosa litakuwa letu. Hii ndiyo sentensi iliyotukwamisha.

Kiswahili kina neno haiba. Mtu mwenye haiba ni yule ambaye sura na mwenendo wake huwapendeza watu na kumpa heshima. Lakini haiba haivuti kamba wala haisukumi gari. Neno hili lachukua maana waliyoikusudia watoaji wa jina, na halina kazi nyingine katika fizikia. Twajua kwamba katika saikolojia hutumika kwa maana ya nafsi na tabia ya mtu. Hilo si tatizo. Mkulima ana mzizi, mwanahisabati ana mzizi, na mwanasarufi ana mzizi, nao hawajapata kugombana, kwa sababu hawakutani katika sentensi moja.

Tulipendekezewa pia neno hirizi, kwa kuwa neno la kigeni lina maana hiyo vilevile, na kwa kuwa kwaki hii kwa namna fulani ilikinga nadharia na mageuko yasiyotakiwa. Fikira hiyo ni ya werevu, ila hirizi ni kitu kinachovaliwa, si sifa inayohesabika. Isitoshe, darasa litaacha kuzungumza juu ya kwaki na kuanza kuzungumza juu ya hirizi.

Liko pia jambo la sarufi. Rasimu inasema "kwaki ya mvuto", "kwaki ya chini", kwa kutumia kiunganishi cha umilikaji. Muundo huo humfanya msikilizaji afikiri kwamba kwaki imo chini, au ni mali ya mvuto. Lakini Kiswahili kina njia yake ya zamani ya kutaja aina za kitu kimoja: twasema embe dodo, embe bolibo, ndizi mzuzu. Jina la aina hukaa kando ya jina la jinsi, bila ya kiungo. Kwa mfano huo tuseme kwaki haiba, na sifa yenyewe inayohesabika iitwe haiba: kwaki haiba ina haiba 1, na antikwaki yake ina haiba hasi 1.

4. Juu mbili na chini mbili

Kwaki mbili nyepesi zinazopatikana katika protoni na nyutroni, u na d, zimepewa majina yenye maana ya juu na chini. Baadaye nadharia ilitaka jozi nyingine iliyo nzito zaidi, t na b, nazo zikapewa majina yanayofanana: ncha ya juu kabisa na sehemu ya chini kabisa. Kiingereza kina maneno manne tofauti. Kiswahili kwa kawaida kina mawili, juu na chini. Mtungaji wa rasimu aliiona shida hii na akaitatua kwa kuhesabu: "juu ya kwanza", "juu ya pili", "chini ya kwanza", "chini ya pili". Tokeo lake ni sentensi kama hii, tuliyoitunga kwa kufuata mwongozo wake: "Mesoni B isiyo na chaji ina kwaki ya chini ya kwanza na antikwaki ya chini ya pili." Msomaji aliyeielewa kwa kusoma mara moja ana kipaji ambacho sisi hatukujaliwa.

Kwa t tunapendekeza kwaki kilele, neno ambalo kila mtoto anayejua habari za mlima analifahamu. Kwa b tumetafakari sana. Neno kitako, kama kitako cha chungu, ndilo sahihi kwa maana. Lakini walimu wenye uzoefu wa madarasa ya vijana watajua kwa nini hatulipendekezi. Kwa bahati njema wanafizikia wenyewe wana jina la pili la kwaki hii, nalo maana yake ni uzuri. Hata herufi ya mwisho ya jina la jaribio la LHCb, lililoko CERN karibu na Geneva, husimama mahali pa jina hilo. Basi tuseme kwaki uzuri. Alama za kimataifa u, d, s, c, b na t zibaki kama zilivyo, kwa kuwa alama hazifasiriwi.

Inabaki s. Rasimu imesema "kwaki ya ajabu". Mesoni za kwanza zenye kwaki hii zilionekana mwaka 1947 katika kazi ya George Rochester na Clifford Butler huko Manchester. Zilishangaza kwa sababu zilizaliwa upesi mno, lakini zilichelewa mno kutoweka. Ajabu si neno baya. Lakini ajabu ni hisia ya mtazamaji, nayo huisha akishazoea. Sisi twapendelea kwaki ngeni, na sifa yake iitwe ugeni. Aliyeingia ghafla na akachelewa kuondoka, Kiswahili kina jina lake tangu zamani.

5. Rangi na ladha

Katika maneno haya mawili tulikusudia kuisahihisha rasimu, tukaishia kujisahihisha sisi wenyewe.

Rangi haikuleta mjadala. Kila kwaki ina mojawapo ya "rangi" tatu. Si rangi za kuonekana. Ni namna tatu za chaji ambayo kwayo kwaki hushikana. Tashibihi hii inafanya kazi: kama vile nuru nyekundu, ya kijani na ya buluu zikichanganyika hutoa nuru nyeupe, ndivyo kwaki tatu za rangi tatu zinavyofanya protoni isiyo na rangi. Nayo mesoni haina rangi kwa kuwa kwaki yake ina rangi na antikwaki yake ina kinyume cha rangi hiyo hiyo. Neno linaloweza kuhesabiwa nalo ni neno lililofasiriwa vema.

Ladha tulitaka kuikataa. Kwaki huwa za ladha sita, yaani zile tulizozitaja. Basi kwa nini tusiseme "aina" tu? Tukajaribu "aina", tukaona ni pana mno, kwa sababu mesoni nazo zina aina zake. Tukajaribu "mbari". Lilitupendeza hadi tulipokumbuka kwamba mtu hufa katika mbari aliyozaliwa, ilhali kwaki huweza kubadilika: kwaki uzuri hugeuka ikawa kwaki haiba, na kwaki haiba ikawa kwaki ngeni. Ni nini basi katika lugha yetu kibadilikacho kwa kukaa, na chenyewe kikabaki? Maziwa yakikaa hubadilika ladha. Embe bichi ni kali, likiiva ni tamu. Mtungaji wa rasimu alilitumia neno ladha bila ya kueleza sababu. Sababu ndiyo hii, na neno lake libaki.

6. Jaribio lenyewe

Tumesema kwamba istilahi hupimwa kwa kazi. Basi na tuzipime zetu kwa swali lile lile lililotukwamisha. Tungamo tutalitaja kwa GeV, yaani elektronivolti bilioni moja, kama wafanyavyo wanafizikia. Kwa kipimo hicho tungamo la protoni ni 0.938.

J/psi ni kwaki haiba na antikwaki haiba. Haiba 1 na haiba hasi 1 zikijumlishwa ni sifuri. Kwa hiyo mesoni hii ina haiba ya siri. Mesoni D, iliyoonekana mwaka 1976, ni kwaki haiba pamoja na antikwaki nyepesi. Haiba yake haikufutwa na kitu, kwa hiyo ni haiba ya dhahiri. Njia iliyo rahisi kwa J/psi kugeuka ni kila mmoja wa wale wawili kujitwalia mwenzi mwepesi, zikatokea mesoni D mbili. Lakini tungamo la J/psi ni 3.097 tu, na mesoni D iliyo nyepesi kabisa ina 1.865, mbili ni 3.73. Fedha haitoshi kununua bidhaa. Basi J/psi hulazimika kushika njia ndefu: kwaki na antikwaki yake zifutane zenyewe kwa zenyewe, jambo ambalo hutokea kwa nadra. Ndiyo sababu huishi muda wa sekunde 7 zilizogawanywa kwa 1 yenye sifuri 21. Kwetu muda huo si kitu. Lakini ni zaidi ya mara 1,000 ya umri wa mesoni ambayo njia yake rahisi iko wazi, kama ile iitwayo ro.

Ushahidi uko karibu. Jozi hiyo hiyo ya kwaki haiba na antikwaki yake ikiwa katika ngazi ya juu zaidi, yenye tungamo la 3.773, imevuka mpaka wa 3.73. Nayo hugeuka kuwa mesoni D mbili, na umri wake ni mfupi karibu mara 300 kuliko ule wa J/psi.

Sasa ile kani. Mwaka 1975 na miaka iliyofuata, Estia Eichten na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza ngazi hizi kwa kielelezo chepesi. Kwaki zikiwa karibu sana, huvutana kwa namna inayofanana na mvutano wa chaji za umeme. Zikitengana, kani haipungui kama ilivyo kwa umeme. Hubaki ile ile, kana kwamba zimeunganishwa na kamba. Ukubwa wake ni kama uzito wa tani 15, ukivuta chembe isiyoonekana. Ukiivuta kamba hiyo hadi ikatike, katika kila ncha iliyokatika huzuka kwaki au antikwaki mpya. Unapata mesoni mbili, hupati kwaki iliyo peke yake.

Rasimu imeiita hali hii "kifungo". Lakini kifungo kina mfungaji, tena kina siku ya kwisha. Kwaki hazikufungwa na mtu wa nje. Zimefungamana, kila moja na mwenziwe. Kiambishi kile cha kutendana ndicho chenye elimu yote. Tuseme mfungamano.

Maelezo hayo tumeyaandika bila ya kukopa neno jipya zaidi ya majina ya chembe. Mwalimu na ayapime.

7. Maneno madogo yaletayo makosa makubwa

Yafaa pia tuseme machache juu ya maneno ambayo rasimu haikuyahesabu kuwa istilahi.

La kwanza ni "huundwa na". Rasimu yasema: "Mesoni huundwa na kwaki na antikwaki." Ni nani aliyeunda, na ni nini kilichoundwa? Katika Kiswahili "na" baada ya kauli ya kutendwa humtaja mtenda: barua iliandikwa na karani. Tuseme mesoni ina kwaki na antikwaki, au ni muungano wa kwaki na antikwaki.

La pili ni "kuoza", lililotumika kwa chembe inayotoweka na kuacha nyingine. Kuoza ni kwa polepole, na kilichooza kilikuwa kibovu kabla ya kuanguka. Chembe haizeeki, hugeuka ghafla. Wala "kuvunjika" hakufai, maana vipande vya chungu vilikuwamo chunguni, lakini J/psi ikitoa elektroni na positroni, hazikuwamo ndani yake hapo kwanza. Tunapendekeza kugeuka, na nomino yake mgeuko.

La tatu ni "nzito". Walimu hutumia muda mwingi kuwafundisha watoto kwamba uzito si tungamo, na rasimu imeandika "mesoni zenye uzito mkubwa". Tena, uji mzito ni uji uliogandamana, si lazima uwe mwingi. Neno "nzito" likiwa kivumishi tu, "mesoni nzito", tunalikubali kwa ufupi wake, mradi fasili iseme wazi: mesoni yenye angalau kwaki moja nzito au antikwaki nzito, yaani haiba au uzuri. Kwaki kilele haimo, kwa kuwa hugeuka kabla ya kupata nafasi ya kufungamana.

Uzito huo una maana katika muundo. Katika mesoni D na B kwaki nzito hukaa karibu imetulia, na nyepesi huzunguka pembeni, mfano wa mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Ladha ya kigingi haimhusu sana mbuzi. Kwa sababu hiyo mesoni D na B zafanana kwa tabia nyingi. Tofauti baina ya D na ndugu yake D-nyota, ambayo hutegemea mzunguko wa kigingi chenyewe, ni 0.141, baina ya B na B-nyota ni 0.045, yaani kama theluthi yake, kwa kuwa kwaki uzuri ina tungamo kama mara tatu ya kwaki haiba. Fasiri "nzito" kwa maana ya mesoni kubwa, na hoja hii yote itapotea.

8. Fasili isiyofungwa mapema

Rasimu inafasili mesoni kuwa ni "kwaki moja na antikwaki moja", basi. Mwaka 1964 fasili hiyo ingalitosha. Lakini mwaka 2003 jaribio la Belle nchini Japani lilikuta chembe yenye tungamo la 3.872, lililo karibu sawasawa na jumla ya mesoni D na D-nyota, na mjadala juu ya muundo wake umekuwa mrefu. Mwaka 2013 majaribio ya Beijing na Japani yalitangaza chembe yenye haiba ya siri na yenye chaji ya umeme. Kwaki haiba na antikwaki yake, chaji zao hufutana. Basi chaji hiyo haina budi kutoka kwa kwaki nyingine zilizomo. Mwaka 2021 jaribio la LHCb lilitangaza chembe yenye kwaki haiba mbili na antikwaki nyepesi mbili.

Kwa hiyo tunapendekeza fasili hii: mesoni ni chembe isiyo na rangi ambayo kwaki zake na antikwaki zake ni sawa kwa idadi; iliyo sahili ina moja na moja. Iliyo na kwaki pamoja na antikwaki ya ladha ile ile iitwe jozikwaki, mahali pa "mvutoniamu" ya rasimu. Jozi ni neno la kila siku: viatu viwili vya jozi ni vya namna moja, lakini kimoja ni cha kulia na kingine ni cha kushoto. J/psi ni jozi haiba, na upsiloni ni jozi uzuri. Mesoni D si jozi. Ni mbuzi na kigingi.

9. Hitimisho

Mtungaji wa rasimu alifungua kamusi na kuuliza, "Neno hili maana yake nini?" Alipaswa kuuliza pia, "Neno hili litafanya kazi gani, na litakutana na nani katika sentensi?" Swali la kwanza lilimpa mvuto, la pili lingalimpa haiba. Tunawashauri wafasiri wote, wa fizikia na wa sheria, wa udaktari na wa uhasibu, kwamba orodha yoyote ya istilahi isipelekwe mbele kabla mtungaji hajaandika kwayo ukurasa mmoja wa maelezo kamili, na kumpa mtu asiyelijua somo ausome.

Mapendekezo yetu ni haya: kwaki, antikwaki, mesoni, kwaki juu, kwaki chini, kwaki ngeni, kwaki haiba, kwaki uzuri, kwaki kilele, ladha, rangi, ugeni, haiba, haiba ya siri, haiba ya dhahiri, jozikwaki, jozi haiba, jozi uzuri, mfungamano, mgeuko, tungamo. Neno uzuri hatuna hakika nalo kama tulivyo na haiba, kwa kuwa maana zao zinakaribiana na mwanafunzi aweza kuzichanganya. Mwalimu aliyewahi kulijaribu darasani, au mwenye neno bora zaidi, tunamwomba atuandikie, naye aambatishe ukurasa wake wa maelezo.